Kutoka Debian 12 kwenda 13: apt inataka kufuta programu yetu ya stoo

Kitasa
Wakuu, habari zenu. Seva yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, toleo la 12 (bookworm), nataka kuipeleka 13 (trixie). Nimebadilisha bookworm kuwa trixie kwenye sources, yaani orodha ya mahali apt, kisakinishi cha Debian, inapochukua vifurushi, na apt update imepita vizuri. Kufika apt full-upgrade, kwenye orodha ya vitakavyofutwa naiona programu yetu ya stoo. Hiyo haikutoka Debian, tuliletewa faili la .deb na aliyetuuzia. Nimejibu n (hapana). Nikiangalia dpkg -s, mstari wa Depends (vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo programu inavihitaji) unasema:

python3 (<< 3.12), python3 (>= 3.11~), libicu72

Je, niifungie kwa apt-mark hold isiguswe, au nilazimishe kwa dpkg --force-depends ipuuze vitegemezi?

Mtumbwi
Weka hold mkuu, uendelee na mengine. Utairudia baadaye.

Bi Terminali
Mtumbwi, kwa kesi hii sikubaliani nawe hata kidogo. Kitasa, umefanya jambo la maana kujibu n. Sasa kabla ya kitu kingine chochote, rudisha sources kuwa bookworm, kisha apt update. Ukiiacha ilivyo, siku mtu akisakinisha kifurushi kimoja kidogo tu, kitatoka trixie na huenda kikavuta libc6 (maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu inaitegemea) 2.41 juu ya 2.36 uliyonayo. Kutoka hapo hakuna njia salama ya kurudi nyuma.

Turudi kwenye huo mstari wako, kila kitu kimo humo. libicu72 isikutishe. Trixie ina libicu76, na kwa kuwa namba imo ndani ya jina lenyewe, hizo ni vifurushi viwili tofauti vinavyokaa pamoja bila ugomvi. Kinachokubana ni hiyo << 3.12. Kifurushi cha python3 ni kimoja kwenye mfumo mzima, na trixie inakipeleka 3.13. Programu yako inakataa chochote kuanzia 3.12, kwa hiyo apt inalazimika kumtoa mmoja.

Ukiweka hold, python3 itakwama 3.11, na kila kifurushi cha trixie kinachodai 3.13 kitakwama nayo. Utabaki na mfumo ulio nusu huku nusu kule, na hali hiyo ni mbaya kuliko kubaki 12.

Kulazimisha nako hakusaidii. Endesha dpkg -L kwa jina la programu yako utafute mafaili ya .so (maktaba zilizokwisha kukusanywa). Natarajia utakuta majina yenye cpython-311 ndani yake. Python 3.13 haiyapakii hayo. dpkg itanyamaza, lakini programu haitawaka, na apt itagoma kusakinisha chochote hadi uendeshe apt --fix-broken install, ambayo inaweza kuifuta programu ile ile uliyokuwa unailinda.

Kitasa
Nimerudisha bookworm. Na kweli, yapo mafaili matatu ya cpython-311. Aliyetuuzia anasema toleo la trixie bado halijawa tayari. Nisubiri tu?

Bi Terminali
Subiri bila wasiwasi. Bookworm ina LTS (msaada wa muda mrefu) hadi tarehe 30 Juni 2028, mradi unaendelea kuchukua masasisho ya usalama. Kama kuna huduma nyingine kwenye seva hiyo inayoidai trixie mapema, hamishia programu ya stoo kwenye kontena (boksi lililotengwa lenye mafaili yake) la Debian 12 linaloendeshwa na Podman, mashine yenyewe ipande kwenda 13. Hapo python3 zinakuwa mbili, kila moja kwake. Data yake iweke nje ya kontena.

Siku ya kupanda, anza na hizi:

apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'
apt-mark showhold

Ya kwanza inaonyesha vyote visivyotoka Debian. Karibu kila mgogoro wa vitegemezi ninaoletewa unaanzia humo, kwa hiyo kila jina utakaloliona lisomee Depends yake kama ulivyofanya leo. Kisha bekapu, kisha apt upgrade --without-new-pkgs, ndipo apt -s full-upgrade. Hiyo -s inaigiza tu, haigusi kitu. Soma vitakavyofutwa jina kwa jina, hata vikiwa mia.

Mtumbwi
Nimekuelewa, bibie. Kitasa, kama hifadhidata ya PostgreSQL ipo hapo, kumbuka trixie inaleta 17 na wewe una 15. Usiiondoe 15 mpaka pg_upgradecluster ihamishe data.

Kitasa
Ipo, na data ya stoo yote imo humo. Naanza na kontena.