Tupeane uzoefu: Kubadilisha injekta za gari kuukuu la dizeli nyumbani

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Majuma matatu yaliyopita nilikamilisha kubadilisha injekta nne za gari langu la dizeli lenye umri wa zaidi ya miaka 25, kazi niliyoifanya mwenyewe uani kwa siku mbili. Maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuanza yalieleza vizuri namna ya kufungua nati na kuzifunga, lakini karibu yote yalinyamaza kuhusu kile kinachobaki ndani ya tundu baada ya injekta kutoka, na kwangu mimi tatizo lote lilikuwa humo. Ninaomba kila aliyewahi kuifanya kazi hii aeleze alichokikuta na alichokosea, ili anayekusudia kuanza apate pa kushika.

Kwa kuwa mafundi wengi huita kifaa kizima nozeli, nitafafanua: hapa nitasema injekta kwa kifaa kizima, na nozeli kwa ncha yake yenye sindano ndani, ambayo ndiyo inayopuliza mafuta.

Gari langu lina injini ya silinda nne yenye chemba ya awali (kijumba kidogo ambamo mafuta huanza kuwaka kabla ya kuingia kwenye silinda) na pampu ya kimakanika, bila kompyuta yoyote. Kila asubuhi lilitoa moshi mweupe unaochoma macho na kugonga kwa dakika kadhaa kama mtu anayepiga bati, kisha likipanda mlima moshi uligeuka kuwa mweusi. Nilitafuta silinda yenye kasoro kwa njia ya zamani: injini ikinguruma taratibu, nililegeza kidogo nati ya bomba la mafuta juu ya kila injekta, moja baada ya nyingine, huku nikiwa nimeifunika kwa kitambaa. Silinda isiyo na kasoro ikikosa mafuta, injini hutetemeka na mlio hubadilika mara moja. Nilipolegeza ya tatu, hakuna kilichobadilika.

Ninasisitiza kwamba jaribio hilo ni la injini za pampu ya kimakanika pekee. Kwenye injini za komoni reli, yaani zile ambazo injekta zote hupokea mafuta kutoka bomba moja la pamoja lenye presha kubwa, usilifanye kamwe, kwa sababu presha humo huweza kupita baa 1,300. Hata kwenye injini kama yangu ni lazima kuvaa miwani na glavu, na mkono usipite mbele ya mafuta yanayoruka, kwa kuwa mafuta yenye presha hupenya ngozi kama sindano, yakaacha alama ndogo juu na madhara makubwa ndani. Jeraha la namna hiyo hukimbizwa hospitali saa ileile, hata kama haliumi.

Kabla ya kununua chochote nilipima mgandamizo wa silinda zote, maana silinda iliyochoka hutoa dalili zilezile, na injekta mpya haiwezi kuziba pistoni iliyolika. Mgandamizo wote ulikuwa mzuri na tofauti kati ya silinda ilikuwa ndogo, hivyo nikaendelea kwa moyo mweupe. Nilisafisha juu ya injini kwa brashi na kifyonza vumbi, nikafungua mabomba kwa spana ya 17, nikaziba ncha zake papo hapo, kisha nikatoa injekta kwa soketi ndefu ya 27.

Injekta ya kwanza ilitoka, na washa yake ya kukinga joto, yaani pete nyembamba ya chuma inayokaa chini ya injekta, nikaitoa kwa waya uliopindwa. Ya pili vivyo hivyo. Katika tundu la tatu nilitoa washa moja, nikamulika, nikaona nyingine chini yake. Aliyewahi kufungua injini hii kabla yangu alikuwa ameacha washa kuukuu ndani na kuweka mpya juu yake. Kwa hiyo injekta ilikuwa imekaa juu kuliko inavyotakiwa, ncha yake haikufika mahali pake, na gesi ya moto ilikuwa ikipenya pembeni na kuichoma nozeli. Huenda nimeendesha gari hilo miaka minne likiwa hivyo.

Washa hizo hazitumiki mara mbili, na katika injini nyingi zina upande wa juu na wa chini, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Nilisafisha matundu kwa kijiti cha mti laini kilichofungwa kitambaa chenye grisi, nikaweka washa mpya, nikakaza kwa spana ya kipimo kwa niutoni-mita 70 kama kitabu changu kinavyoagiza, kisha nikatoa hewa kwa kuacha nati za mabomba zikiwa zimelegea na kupiga stata hadi mafuta yalipochuruzika, nikazikaza. Injini iliwaka mara ya tatu. Kugonga kumekwisha, na moshi mweupe sijauona tena hata asubuhi zenye baridi.

Dereva Mstaafu

Ahsante, ndugu mwanzisha mada. Nami nieleze kosa langu, kwa sababu ninaona bado linarudiwa na wengi.

Gari langu lilikuwa na injini ya aina hiyohiyo. Ili nipunguze gharama, sikununua injekta nzima bali nozeli mpya peke yake, nikafungua injekta kuukuu kwenye jiliwa, nikatoa nozeli za zamani, nikaweka mpya na kufunga. Gari liliwaka, lakini likawa baya kuliko mwanzo, likitetemeka kwenye taa za barabarani hadi kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu. Nililaumu nozeli, nikamlaumu na aliyeniuzia, kumbe sikuwa na haki ya kumlaumu mtu.

Hatimaye nilizipeleka injekta zote kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, ile ya kusukuma kwa mkono yenye saa ya presha. Moja ilifunguka kwa baa 105 na nyingine kwa baa 140, ilhali zote zilipaswa kufunguka kwa kiwango kimoja. Nozeli hazikuwa na kosa. Springi zilizo ndani ya injekta zilikuwa zimechoka kwa viwango tofauti, na mimi sikuwa nimezigusa. Presha hiyo hurekebishwa kwa washa nyembamba inayowekwa juu ya springi, na fundi alinionyesha kwamba unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita huongeza takriban baa 10. Alizipanga zote zikafunguka sawa, kisha akaniita nisikilize. Nozeli nzima ya aina ile, mkono wa mashine unaposukumwa, hulia kwa mlio wa kukatakata, hutoa ukungu mwembamba, na ikifunga haibakizi tone kwenye ncha. Tangu siku hiyo sifungi nozeli ambayo sijaisikia ikilia.

Kuna na jambo la sindano. Sindano na mwili wa nozeli husagwa pamoja hadi nafasi kati yao ibaki elfu chache za milimita, na kwa sababu hiyo ya nozeli moja haiingizwi katika nyingine hata kama zinafanana. Nozeli mpya huja na mafuta mazito ya kuihifadhi, nayo huoshwa kwa dizeli safi kabla ya kufungwa. Ukiisimamisha na kuivuta sindano hadi theluthi ya urefu wake kisha ukaiachia, inapaswa kushuka taratibu yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama, kuna uchafu au kuna kasoro.

Binti Fundi

Wazee wangu wamesema vema juu ya injini za pampu ya kimakanika. Mimi nitazungumzia komoni reli za zamani kidogo, ambazo siku hizi nazo zimeingia kwenye kundi la magari makuukuu, na ambazo zinamdai mtu subira ya aina nyingine.

Gari la baba yangu mdogo lilianza kutoa harufu ya moshi ndani na mlio wa kufukuta chini ya kifuniko cha injini. Tulipokifungua tulikuta lami nyeusi ngumu imezunguka injekta ya pili na kuificha nusu. Washa ya shaba iliyo chini ya injekta ilikuwa imeacha kuziba, gesi ya silinda ikawa inapanda kidogokidogo na kuganda hapo.

Tulipima kwanza marejeo, yaani mafuta yanayorudi kutoka kila injekta, kwa kuyakinga kwenye chupa nne zinazolingana injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa injekta inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake imelika ndani. Zote zilikaribiana. Kwa hiyo hatukuhitaji injekta mpya, na pesa nyingi ziliokolewa na chupa nne.

Kuitoa ile ya pili kulituchukua siku tatu. Tulichokoa lami kwa kijiti cha mbao, tukamwagia mafuta ya kulegeza kutu kila asubuhi na jioni, na siku ya tatu tukaipasha injini moto, tukaizima na kusubiri presha ishuke. Baada ya kulegeza kishikizo tuliizungusha injekta nyuzi chache huku na huku kwa spana, bila kuilazimisha, hadi ikaanza kuzunguka yenyewe, kisha tukaivuta kwa nyundo ya kuvutia. Baba mdogo alitaka kuichokonoa kwa bisibisi kutoka pembeni siku ya kwanza. Nilimsihi asifanye hivyo, kwa sababu mwili wa injekta hupinda na hedi ya alumini, yaani sehemu ya juu ya injini yenye matundu ya injekta, hukwaruzika.

Kitako cha tundu kilikuwa na mashimo madogo ya kuungua. Tulikisawazisha kwa kikatio maalumu kinachozungushwa kwa mkono, mizunguko michache tu, meno yake yakiwa yamejaa grisi ili yashike vumbi la chuma lisidondoke ndani ya silinda. Tuliweka washa mpya, bolti mpya ya kishikizo, kwa kuwa ya zamani hurefuka na hairudi hali yake, na bomba jipya la presha. Iwapo mtu anaweka injekta mpya, asisahau kwamba nyingi zina herufi na tarakimu juu ya kichwa chake ambazo huingizwa kwenye kompyuta ya gari. Bila kuingizwa, injini huwaka, lakini hunguruma kwa kigugumizi.

Mpenda Injini

Langu ni fupi. Nilifunga injekta mpya nne kwa uangalifu wote, na baada ya miezi michache mbili zikaanza kudondosha mafuta. Chanzo kilikuwa tangi lenye kutu na maji yaliyokusanyika chini yake, na filta ambayo sikuibadilisha kwa sababu ilionekana bado nzuri kwa nje. Anayekusudia kuanza kazi hii aanzie tangini.

Ninaomba kuuliza pia: nitajuaje kwamba hakuna washa kuukuu iliyobaki ndani ya tundu, kama ilivyomtokea mwanzisha mada?

Binti Fundi

Kaka, zihesabu zinapotoka, na kila injekta uifunge pamoja na washa yake na namba ya silinda. Nyingi hutoka zikiwa zimeganda kwenye ncha, na isipoonekana hapo usidhani ilipotea, imo ndani. Kwa macho peke yake hutaitambua, kwa sababu masizi huifanya ifanane kabisa na hedi. Mulika tundu kwa tochi na kioo kidogo, kisha ukwaruze kidogo sana kitako chake kwa waya laini wa shaba nyeupe. Kama washa zako ni za shaba, ukiona wekundu wake unang'aa, bado haijatoka. Chukua tepu ya kukatia hesi inayoingia kwa shida ndani ya tundu la washa, ipake grisi, izungushe kwa vidole hadi iume, kisha vuta moja kwa moja juu.