Ampi ya jukiboksi kwa gita: inawaka lakini ni bubu

Mpiga gita, Kisauni

Salaam aleikum, mafundi. Nina ampi (amplifaya) iliyotolewa kwenye jukiboksi, mashine ya kupigia santuri kwa sarafu, ya Marekani ya miaka ya 1950. Mwishoni ina valvu mbili za 6L6G, ya kunyoosha umeme ni 5U4G, kisha 12AX7 mbili na 6BJ6 mbili. Transfoma imeandikwa volti 117, hezi 60. Naipitisha kwenye transfoma ya kushusha hadi volti 110, na jeki ya gita nimeifunga pale ulipoingia waya wa sindano. Valvu zote zinawaka, spika (inchi 12, omu 8) haitoi hata mvumo. Nataka sauti safi ya bango na chakacha, si ya kukoroma. Nimekosea wapi?

Fundi redio, Mwembe Tayari

Aleikum salaam, ndugu yangu. Izime kwanza, uchomoe plagi. Kama kapasita za ndani ni zile za asili, kila ukiiwasha unaihatarisha transfoma. Hewa yetu ya pwani huzifanya kapasita za karatasi na nta zivuje: umeme wa anodi (bamba la valvu) unapenya hadi kwenye gridi (waya unaoiongoza valvu) ya 6L6, bamba linakuwa jekundu na valvu inakufa.

Humo ndani mnaweza kubaki volti 400 na zaidi hata ikiwa imezimwa. Shika rezista ya kiloomu 10, wati 5, yenye waya uliofunikwa vizuri, uiguse kati ya kapasita kubwa na chasisi (fremu ya chuma) kwa sekunde kumi, halafu hakikisha kwa mita. Badilisha kapasita zote za elektroliti. Ya kwanza baada ya 5U4G isizidi maikrofaradi 40, volti 500. Ukiweka 220 ukidhani unaondoa mvumo, 5U4G itapiga cheche ndani. Zile za karatasi weka za filamu, volti 630. Kama gridi za 6L6 zinapewa volti hasi kupitia seleni (kinyoosha umeme cha zamani), weka diodi ya 1N4007, kisha upime upya, maana volti itapanda.

Athi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) usiifanyie mzaha. Transfoma nyingi za kushusha zina tundu mbili tu upande wa 110, kwa hiyo waya wa kijani na njano utoke moja kwa moja kwenye plagi ya ukutani hadi kwenye chasisi, ukazwe kwa bolti yake peke yake. Kapasita yoyote inayounganisha umeme wa ukutani na chasisi ikate. Fyuzi iwe ya ampea 1, ya kuchelewa, upande wa 240.

Ukiwasha mara ya kwanza, weka balbu ya zamani ya wati 100 (ya waya, si LED) mfululizo na laini ya 240. Iking'aa kwa nguvu na isififie, kuna shoti. Na spika iwe imefungwa kila mara. Bila mzigo, transfoma ya sauti inaweza kuungua.

Fundi ampi, Likoni

Ububu nao una sababu yake. Jukiboksi hunyamazisha ampi wakati mashine inabadilisha sahani, kwa relei (swichi inayoendeshwa na umeme) au kwa waya unaopita kwenye soketi ya pini nyingi. Mashine haipo, basi ampi inangoja ruhusa isiyokuja. Fuata waya wa mawimbi kutoka 12AX7 ya kwanza utafute mahali unapopelekwa athi kupitia relei, ukate hapo ule wa kwenda athi, si wa mawimbi.

Ukimaliza hapo itasikika, lakini hutaipenda. Hatua ya kwanza ilitengenezwa kwa sindano ya sumaku inayotoa milivolti chache tu. Gita hutoa milivolti nyingi zaidi ya hizo. Tena ina saketi ya kusawazisha santuri, inayonyanyua besi na kukandamiza sauti za juu. Gita litakuwa na matope. Zile 6BJ6 mara nyingi ndizo za kujirekebisha sauti ili sahani zote zilingane. Kwenye gita zinameza mpigo wa kidole, sauti inazama kisha inapanda. Ziondoe na saketi yake yote. Kipande cha nyuma, kuanzia valvu ya kugawa mawimbi hadi transfoma ya sauti, kiache kama kilivyo. Hapo ndipo uzuri wa ampi hii ulipo.

Halafu jenga mbele upya kwa 12AX7 ya kwanza. Kutoka kwenye jeki: megaomu 1 kwenda athi, kiloomu 68 hadi gridi. Anodi kiloomu 100, kathodi kiloomu 1.5 na maikrofaradi 22 sambamba nayo. Kapasita ya maikrofaradi 0.022, kisha kidhibiti sauti cha megaomu 1, kisha triodi ya pili (nusu ya pili ya 12AX7 hiyo) kwa thamani zilezile, ila kathodi yake usiiwekee kapasita. Hiyo inapunguza nguvu na kuiacha sauti safi, unavyotaka kwa bango. Toka tena kwa 0.022 hadi valvu ya kugawa.

Mpiga gita, Kisauni

Ahsanteni sana. Relei nimeiona. Transfoma ya sauti ina nyaya sita upande wa spika, hazina maandishi. Nitajuaje ya omu 8?

Fundi redio, Mwembe Tayari

Toa 6L6, ampi iwe haina umeme. Chukua transfoma ndogo ya volti 12 AC, ilishe kati ya nyaya mbili za anodi, kisha pima jozi za upande wa spika. Ukipata volti 0.42, uwiano ni 12 kwa 0.42, yaani 28.6. Uzidishe kwa wenyewe, halafu mara 8: omu 6,500 hivi, na 6L6 mbili hupenda karibu 6,600. Jozi ndiyo hiyo. Inayotoa volti nyingi zaidi huenda ni ya spika za mbali, ifunike ncha.

Kuhusu hezi: volti 110 kwa hezi 50 za umeme wetu hukijaza sumaku chuma cha transfoma kwa asilimia 13 zaidi kuliko 117 kwa 60, nacho hupata moto. Usishuke hadi 100, kwa sababu hita (nyaya zinazopasha valvu moto) zitapata volti 5.4 badala ya 6.3. Baki na 110, iendeshe saa moja, ushike transfoma ikiwa imezimwa. Ukishindwa kuacha mkono juu yake, tafuta transfoma ya hezi 50.

Fundi ampi, Likoni

Weka rezista ya omu 1 kwenye kila kathodi ya 6L6G: ukipima juu yake milivolti 30 ni miliampea 30, inatosha, kwa sababu 6L6G ya zamani ni ya wati 19 tu, si 30 kama 6L6GC. Mvumo ukibaki, zisokote nyaya za hita, na kama hazina waya wa katikati weka rezista mbili za omu 100, moja kila upande, kwenda athi. Kisha sugua pini za soketi. Chumvi ya bahari hukaa hapo.