Nidropu kozi hii au nikaze? Dirisha linafungwa Ijumaa

Kimbweta cha Nyuma:
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, nasoma uchumi na takwimu, chuo kimoja hapa Dar. Muhula huu nimechukua kozi ya hiari kutoka idara ya hisabati, Rial Analisisi (hesabu za uthibitisho), krediti 12. Sikulazimishwa na mtu. Kuna kaka yuko nje anasoma uzamivu wa uchumi, aliniambia huko wanaangalia sana kama umeipitia.

Wiki ya nne hii, naona giza. Fomu siksi nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), hesabu nilitoka na B, kukokotoa nakokotoa. Tatizo huku hakuna kukokotoa. Kwenye kwizi tuliambiwa: thibitisha kwamba kikomo cha 2x + 1, x ikielekea 3, ni 7. Nikaweka 3, nikapata 7, nikapiga mstari chini kwa madaha. Karatasi imerudi na sifuri kwenye swali hilo, pembeni kuna wino mwekundu: "Kwa nini?" Jumla nimepata 2 kati ya 10.

GPA yangu ni 3.6 na nimeshamaliza krediti 120. Nikilamba C hapa, nyingine za muhula huu zikibaki kwenye 3.6, mwisho wa muhula nasoma 3.49. Nishuke chini ya apa sekondi, daraja linaloanzia GPA 3.5, kwa kozi niliyojitakia mwenyewe? Mbadala ni ujasiriamali, ambako watu wanaokota A huku wamelala. Nishaurini.

Mzee wa Desa:
Dropu. Uzi ufungwe.

BintiTanga:
Usimsikilize huyo. Mdogo wangu, unaipa saa ngapi kwa wiki? Krediti 12 ni saa 120 za kazi, vipindi vikiwemo. Kwa muhula wa wiki 15 ni saa nane kila wiki. Kama unaweka kumi na bado unapata mbili, tuongee habari za kudropu. Kama unaweka nne, hiyo kozi hujaianza.

Kimbweta cha Nyuma:
Dada, nikisema kweli ni tano. Tatu za darasani, mbili za Jumapili usiku, na hizo mbili nazimalizia kwenye majibu ya mwaka jana.

Mzee wa Desa:
Hahaha, hata mimi najua hiyo kozi haina desa, yaani majibu ya kukariri.

Mwalimu Chaki:
Dogo, nafundisha hesabu sekondari na niliwahi kulia kwa kozi hiyohiyo. Sikiliza.

Umewahi kumwona fundi akikata sketi? Kitambaa anakikunja kikawa tabaka mbili. Mkasi ukipotea nusu sentimeta, akikifunua kosa limekuwa sentimeta nzima. Sasa mteja akisema sivumilii kosa la zaidi ya sentimeta moja, fundi anajua mkasi wake usipotee zaidi ya nusu. Mteja akibana hadi milimeta nne, mkasi unabanwa hadi mbili. Anachotaja mteja ndiyo epsiloni (kosa linaloruhusiwa kwenye jibu), anachojibu fundi ndiyo delta (umbali wa x kutoka 3), na ile 2 kwenye 2x ndiyo kunjo la kitambaa. Ndiyo maana delta yako ni nusu ya epsiloni. Lekchara alitaka umwonyeshe kwamba mteja awe msumbufu vipi, fundi ana jibu. Wewe ulimpa sketi moja iliyokaa sawa.

Kuhusu GPA, hesabu yako ni sahihi ila umeikatisha njiani. Digrii yako ya miaka mitatu ina krediti 360. C moja ya krediti 12, nyingine zote zikiwa kwenye 3.6, inakutoa na 3.55. Bado uko apa sekondi. Kinachotisha ni sapu, mtihani wa marudio ukifeli, maana kwa chuo nilichosoma mimi hata ungepata 80 kwenye sapu unaandikiwa C, na likizo imeshaliwa.

Nilisusa 2016:
Mimi naongezea moja tu. Ukiamua kuacha, jaza fomu, isainiwe, ubaki na nakala. Mimi niliacha tu kuingia darasani nikidhani yameisha. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na kozi niliyofeli, na nilihangaika nayo mwaka mzima.

BintiTanga:
Leo ni Jumanne. Chukua maswali matatu ya kitabuni usiyowahi kuona majibu yake, kaa nayo mpaka Alhamisi. Likitoka hata moja kwa mkono wako mwenyewe, baki.

Kimbweta cha Nyuma (Alhamisi, saa nne usiku):
Wakuu, nimerudi. La kwanza limenishinda. La pili lilikuwa 5x − 4, x ikielekea 2. Nikakumbuka fundi, nikakunja kitambaa kikawa tabaka tano, nikapata delta ni epsiloni gawanya kwa tano. Limetoka! La tatu lina x kipeo cha pili, na hapo kunjo linabadilika kila nikisogea. Mwalimu Chaki, hapo fundi anafanyaje? Fomu ya kudropu iko mezani, sijaijaza.

Mwalimu Chaki:
Iache hapohapo mezani. Kwanza mkataze fundi asisogee zaidi ya hatua moja kutoka kwenye alama, halafu niambie kunjo kubwa kabisa analoweza kukutana nalo ni lipi.