Raum yangu ina matundu sita ya pleti namba mbele. Nizibe yapi, niache yapi?

Mwalimu_Muheza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa bampa.

Nina Raum ya 2004, rangi ya silva, nimeinunua kwa mtu ikiwa tayari na namba za Bongo. Juzi kwenye hizi mvua za vuli nimeingia kwenye dimbwi nje kidogo ya Muheza kwa mwendo ambao mume wangu akiusikia tutagombana. Maji yakapenya nyuma ya pleti namba ya mbele yakaing'oa na skrubu zake. Sikujua chochote. Nafika shuleni mlinzi ananiuliza, "Mwalimu, mbona leo umekuja na gari isiyo na jina?" Nikarudi mbio. Watoto walikuwa wameshaiokota, wanauzia maembe juu yake kama sinia. Nimeikomboa kwa elfu mbili, na maembe juu.

Sasa nimeifunga kwa waya wa kufungia nondo, na kila nikimwona trafiki natabasamu kupita kiasi.

Nilipovua ile pleti ndipo nikaona balaa lenyewe. Nimepima kwa rula ya ubaoni:

Mawili ya katikati, safi kabisa, yameachana sentimita 21, nyuma yake naona kuna nati.

Mawili ya pembeni, ndiyo yaliyokuwa yameshika pleti. Haya yamechanika, skrubu inaingia na kutoka bila bisibisi. La kushoto lina ufa unaoshuka chini kama sentimita 4.

Mawili ya chini, unene wa penseli. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameweka fremu ya klabu yake ya mpira (siitaji, tusihame mada).

Fundi wa kwanza kasema anapiga puti na rangi, elfu 70. Wa pili kasema bampa imekufa, ninunue ya mtumba laki na themanini, rangi juu yangu. Wa tatu alitoa super glue mfukoni kabla sijamaliza kueleza. Nimsikilize nani?

---

Kobe_Barabarani:

Mimi nilidhani swali ni la mwendo kwenye dimbwi.

---

Mzee_wa_Carina:

Dada, usimdharau huyo wa tatu. Super glue pamoja na unga wa baikaboneti, ule wa maandazi. Unajaza unga kwenye tundu, unadondoshea gundi, sekunde tatu imekuwa jiwe. Unapiga msasa, unatoboa upya, unafunga skrubu. Mimi nilifanya hivyo kwenye taa ya nyuma na iko hadi leo.

---

Pasi_ya_Moto:

Mwalimu, shikamoo kwanza kwa hiyo rula, maana wengi huja hapa na "matundu makubwa kiasi" halafu wanataka bei.

Nachomelea plastiki za magari hapa Arusha, na bampa za Toyota za umri huo ndizo zinazolisha watoto wangu. Nitakujibu kirefu kidogo.

Hayo matundu sita si ugonjwa mmoja, ni matatu. Ya katikati ndiyo ya kiwandani. Pleti ya Japani ni fupi na pana, sentimita 33 kwa 16 na nusu, na bolti zake mbili hukaa sentimita 21 kutoka moja hadi nyingine. Ndiyo maana rula yako imesema 21. Gari ikifika hapa inavishwa pleti yetu ndefu ya karibu nusu mita, matundu hayakutani, basi mtu anachukua dreli na kutoboa mapya pembeni. Skrubu ya mbao inaingia moja kwa moja kwenye plastiki, hakuna nati nyuma, hakuna washa. Barabara ya vumbi inafanya kazi yake, siku moja dimbwi linamalizia.

Kwa hiyo ya katikati usiyaguse. Yana thamani kuliko yote.

Ya pembeni yatafunikwa na pleti hata hivyo, hakuna atakayeyaona. Usilipie rangi hapo. Ila ule ufa lazima uuzuie, vinginevyo mwakani utafika kwenye mdomo wa chini wa bampa. Ya chini ndiyo yanayoonekana, hayo ni suala la urembo tu.

Sasa kwa nini puti na super glue hapana. Vua bampa, geuza, tafuta maandishi yaliyochapwa ndani. Utakuta herufi PP, pengine na herufi nyingine mbele yake. Hiyo ni jamii ya plastiki ya ndoo. Haipendi kushikana na kitu: gundi inakauka juu yake kama uji kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Na bampa inapinda, jua linaitanua, usiku inajikunja, wakati puti ya kawaida ikikauka ni jiwe. Jiwe halipindi. Mzee wa Carina, taa ya nyuma ni plastiki nyingine kabisa, gundi inaikamata vizuri. Hujakosea, umehama nyumba.

Dawa ya PP ni moto. Unahitaji pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, yenye ncha bapa kama unaipata. Unahitaji na vijiti vya plastiki ileile. Bora kuliko vyote ni kipande cha bampa iliyovunjika, mafundi bodi wanazitupa, unakata vipande vyembamba kama njiti ndefu. Usikubali bomba la maji wala kifuniko cha redio, havitachanganyika.

Mwisho wa ule ufa toboa kitundu cha milimita 3. Ufa ukifika kwenye duara unakosa ncha ya kuendelea nayo. Kisha kwangua rangi pande zote, fungua mfereji wa V kufuata ufa kwa kisu, osha kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti. Upande wa mbele bandika utepe wa aluminiamu ili ukichomelea kwa nyuma plastiki isidondoke. Anza nyuma. Weka kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, kizamishe kwa pasi hadi plastiki ikimeze. Ndipo ujaze kwa kijiti.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanayeyusha kijiti peke yake na kukipaka juu kama siagi. Kinabanduka kizima kizima. Lazima bampa yenyewe iyeyuke pamoja na kijiti, uvichanganye kwa ncha ya pasi kama unakoroga. Na iyeyuke, isiungue. PP inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi; pasi ina moto zaidi ya huo, kwa hiyo mkono usikae sehemu moja. Ukiona moshi, umezidisha. Fanyia nje, huo moshi si wa kuvuta. Acha ipoe yenyewe, usimwagie maji.

Ikishapoa punguza kinundu kwa wembe kabla ya msasa. Ukianza na msasa PP inatoa manyoya kama blanketi la zamani. Kwa yale mawili ya chini, baada ya msasa, pita na praima maalumu ya plastiki, kisha puti laini ya plastiki kiasi kidogo tu, praima, rangi, kisha klia, ile vanishi ya juu ya kung'arisha. Ile praima ya kwanza mafundi wengi wanairuka kwa kubana gharama, rangi inatoka kama ganda la yai. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, tafuta palipoandikwa C/TR.

Kufunga pleti: nunua flatibari ya aluminiamu, upana sentimita 3, unene milimita 3, kata iwe fupi kidogo kuliko pleti. Toboa mawili kwa sentimita 21 na uifunge kwenye yale matundu ya kiwandani kwa bolti za M6, zile za spana namba 10. Pleti sasa unaifunga kwenye flatibari kwa nati zenye nailoni. Katikati ya pleti na flatibari weka washa ulizokata kwenye tyubu ya baiskeli ili isigonge. Hutatoboa bampa tena maisha yako.

Na kama pleti ya nyuma imefungwa kwenye bati, ifungue uangalie. Tundu la dreli kwenye bati lisilopakwa rangi linaoza kimyakimya.

---

Nahodha_Kisauni:

Mie niko Mombasa, huku pleti ya mbele nyeupe na ya nyuma njano lakini matundu ni yaleyale. Ya kuonekana niliziba kwa vizibo vya mpira vyeusi, vile vya kuziba matundu kwenye sakafu ya gari. Shilingi chache, hakuna moto wala rangi. Kwa bampa nyeusi havionekani. Kwa silva yako, mwalimu, vitakuwa macho mawili.

---

Mwalimu_Muheza:

Narudi na majibu, wiki tatu baadaye. Asanteni wote, na Pasi ya Moto Mungu akuzidishie.

Ndani ya bampa kweli nilikuta PP. Flatibari elfu 8, bolti na nati elfu 3, utepe elfu 4. Pasi nimeazima kwa mwalimu wa fizikia, ambaye alikuja kusimamia na akaishia kunifundisha kuhusu joto kwa dakika 40. Kipande cha bampa nimepewa bure barabarani na yule fundi aliyesema yangu imekufa. Hakuniuliza ni cha nini.

Ufa umeshika. Nimeuminya kwa vidole pande zote, hausogei. Kwa nyuma ni mbaya kama kovu la utotoni ila nani anatambaa chini ya gari langu. Mara ya kwanza nilifanya hasa ile ya siagi, ikabanduka, nikaanza upya.

Ya chini nimeyachomelea lakini rangi bado. Nimeambiwa elfu 25 kwa yote mawili na yule wa puti, na nimemwambia praima ya plastiki nitanunua mwenyewe na nitasimama pale aipake nikiona. Amecheka, lakini amekubali.

Pleti ya nyuma nimeifungua. Tundu moja lina kutu imezunguka ukubwa wa sarafu. Nimekwangua hadi chuma cheupe, nimepaka praima ya kuzuia kutu tabaka mbili na rangi kwa brashi ndogo, kisha washa za tyubu.

Mzee wa Carina, super glue yako nimeitumia kwenye miwani.

Jambo moja nilificha. Kabla ya kugusa bampa nilitaka mazoezi, na ndoo ya bluu ya mama mkwe chini imeandikwa namba 5 kwenye pembetatu, ambayo mwalimu wa fizikia alisema ndiyo PP. Nimeirudisha ikiwa na matundu mawili yaliyozibwa vizuri sana. Anaichotea maji hadi leo, na jana aliniuliza kwa nini ndoo yake ina kovu la silva.