Kuandika maisha ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) mstaafu: vyeo, vituo na miaka tunavipataje?

Mjukuu wa Kota
Habari wakuu. Familia inaandaa kijitabu cha maisha ya mzee aliyeanza kazi ya polisi akiwa konstebo na kustaafu akiwa OCD wa wilaya huko mikoani. Mzee yupo na anaongea vizuri, ila miaka inamchanganya. Kilichopo ni picha kama thelathini zisizo na tarehe na barua chache za uhamisho. Tuanzie wapi ili vyeo na vituo vikae sawa? Na kuna mambo ya kazini yasiyofaa kuchapwa?

Tepe Tatu
Anzeni na sare. Picha haina tarehe, lakini cheo kinaonekana. Tepe mbili mkononi ni koplo, tatu ni sajenti. Begani, nyota moja ni Mkaguzi Msaidizi, mbili ni Mkaguzi, tatu ni ASP (Mrakibu Msaidizi). Baada ya hapo nyota zinaondoka inabaki ngao peke yake, na huyo ni SP (Mrakibu). Ngao na nyota moja ni SSP (Mrakibu Mwandamizi). Wengi hukosea hapo hapo: wanaona nyota tatu za ASP wanadhani ni mkubwa kuliko mwenye ngao tupu, basi maisha ya mzee yanaandikwa kinyumenyume.

Pangeni picha zote kwa cheo kwanza, mezani, ndipo mtafute miaka. Kwenye barua ya uhamisho andikeni tarehe mbili: ya barua na ya kuripoti. Kati yake inaweza kupita miezi.

Halafu OCD si cheo, ni madaraka. Andikeni "SSP, OCD wa wilaya fulani". Msimchanganye na OCS, huyo ni mkuu wa kituo na yuko chini ya OCD. Neno "Kamanda wa Polisi" mwachieni RPC, yaani mkuu wa polisi wa mkoa.

Jalada Wazi
Nyongeza muhimu: tafuteni hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania. Askari akitoa ushahidi, hukumu huandika namba yake ya jeshi, cheo na jina, na mara nyingi kituo alichokuwa. Namba ina herufi mbele, mfano E au F. Ijaribuni kwa namna zote, yenye nukta na isiyo na nukta, yenye nafasi na isiyo nayo, kwa sababu makarani hawaandiki sawa. Mkikuta "D/CPL" mjue wakati huo alikuwa koplo wa upelelezi. Akishakuwa Mkaguzi Msaidizi namba hupotea kwenye hukumu, hapo tafuteni kwa jina na tahajia zake zote.

Tahadhari: kesi za mahakama ya wilaya mtazipata zaidi pale zilipokatiwa rufaa, na rufaa huamuliwa miaka mingi baada ya tukio. Msichukue mwaka wa hukumu mkauweka kuwa mwaka wa kituo. Someni ndani, tarehe ya tukio ipo.

Mzawa wa Mpanda
Angalieni mipaka. Katavi, Geita, Njombe na Simiyu ni mikoa ya 2012, Songwe 2016, Manyara 2002. Aliyekuwa OCD Mpanda (sasa Katavi) mwaka 2005 alikuwa chini ya RPC wa Rukwa. Pia mkoa wa kipolisi si lazima ulingane na mkoa wa serikali. Tarime/Rorya ni mfano: ni mkoa wa kipolisi ndani ya Mkoa wa Mara. Na "CCP Moshi" (Chuo cha Polisi) ya zamani ndiyo Shule ya Polisi Moshi, msivihesabu vyuo viwili.

Mzee akikwama kwenye miaka, msimuulize "mwaka gani". Muulizeni IGP (mkuu wa jeshi zima la polisi) alikuwa nani: Mahita ni 1996 hadi 2006, akafuata Mwema hadi 2013. Au mtoto yupi alizaliwa kwenye kota zipi.

Tepe Tatu
Kuhusu yasiyochapwa: majina ya watoa habari, kamwe, hata kama wamefariki, maana ndugu zao wapo. Waathirika wa ubakaji na watoto, vilevile. Mtuhumiwa aliyeachiwa na mahakama msimwite jambazi, hiyo ni kashfa. Kama kuna karatasi za jalada zimebaki nyumbani, msizipige picha, zirudishwe kituoni.

Matukio makubwa yasimeze kazi yenyewe. Muulizeni alivyokagua vituo: kitabu cha mahabusu, nani amepita saa 24 bila kufikishwa mahakamani, ghala la silaha, na rejista ya vielelezo, PF 16. Kielelezo kikitoka bila kusainiwa, wakili anauvunja mnyororo wa utunzaji (kumbukumbu ya nani alikishika lini) na kesi inaweza kufa hata kama mshtakiwa alikamatwa nacho mkononi. Muulizeni pia vikao vya Kamati ya Usalama ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, lakini hapo aeleze utaratibu tu. Yaliyozungumzwa ndani yabaki ndani.

Mjukuu wa Kota
Asanteni sana. Picha sita zina ngao bila nyota, tulikuwa tumeziweka mwanzoni kabisa. Tunapanga upya leo.