Msalaba na maneno ya ukingoni katika cheti cha kuzaliwa cha babu: yana maana gani?

Mjukuu wa Chumbageni:

Assalaam alaykum, wakubwa shikamooni. Ninakusanya habari za ukoo wetu hapa Tanga, na nimekwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha babu mzaa baba. Kinasema alizaliwa Tanga tarehe 1 Julai 1938, lakini ukingoni yapo maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba kizazi hiki kiliandikwa kwa idhini ya Msajili Mkuu, pamoja na namba na mwaka 1960. Jina lililoandikwa katika safu yake ni Khamis, ambalo halikufutwa. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, limeongezwa Athumani, jina tulilomjua nalo sote, kisha ukatajwa uthibitisho wa kiapo na mwaka 1963. Katika nafasi ya saini ya mtoa taarifa hakuna saini, bali kimsalaba kidogo na maneno "alama yake".

Shangazi yangu anashikilia kwamba Khamis alikuwa kaka yake babu aliyefariki akiwa mchanga, kwamba msalaba ndio alama ya marehemu, na kwamba babu alipewa cheti cha nduguye ili apate kazi. Anaongeza kuwa mama yao alikwishafariki babu akiwa bado mtoto anayesoma chuo cha Kurani. Mimi sina la kumjibu, ila tunao msahafu wa zamani ambao jalada lake lina maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: "amezaliwa usiku wa Jumapili, 27 Mfunguo Saba 1357". Jina halikutajwa. Naomba msaada wenu.

Karani Mstaafu:

Waalaykum salaam, mjukuu wangu. Niliwahi kushughulika na madaftari ya vizazi kwa miaka kadhaa, nami nakushauri usiyasome maneno ya ukingoni kama habari za mtoto. Hizo ni habari za karatasi: nani aliigusa, lini, na kwa ruhusa gani. Kwa hiyo yapange kwanza kwa miaka yake, hata kama yameandikwa juu na chini bila mpango.

Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi haikuwabana Waafrika walio wengi, hivyo mtoto aliyezaliwa mwaka 1938 kukosa cheti halikuwa jambo la ajabu. Alipofika utu uzima akahitaji kuthibitisha umri wake, ndipo kizazi kikasajiliwa kwa kuchelewa, na usajili wa namna hiyo ulihitaji idhini ya juu. Hata leo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hutenganisha maombi ya siku 90 za mwanzo, ya kabla ya miaka 10 na ya baada ya hapo, na hili kundi la mwisho ndilo linalopelekwa kwa Msajili Mkuu.

Sasa tazama hoja ya shangazi yako, ambaye namheshimu. Kama cheti kingekuwa cha mtoto mchanga aliyefariki, kingeandikwa karibu na mwaka 1938. Hiki kiliandikwa mwaka 1960, wakati mwenyewe ana miaka 22. Hapakuwa na cheti cha kurithi.

Kuhusu jina, desturi ya usajili tuliyoachiwa na Waingereza ni kwamba kosa la maelezo halifutwi wala halikwanguliwi. Maandishi ya kwanza huachwa yasomeke, na sahihisho huwekwa ukingoni baada ya kiapo. Khamis kuachwa pale hakumaanishi kwamba walikuwa watu wawili. Nyumba ngapi za pwani mtoto ana jina la akika na jina la kuitwa, au amebadilishwa jina baada ya kuugua sana kwa kuwa la kwanza lilionekana zito?

Na huo msalaba hauhusiani na kifo wala dini. Ni alama ya mtu asiyeweza kutia saini, na karani aliyenakili cheti huenda ameuweka badala ya dole gumba lililomo daftarini. Usiharakishe kusema mtu huyo hakusoma, maana ofisi ilipima kwa herufi za Kirumi, na wazee wetu wengi walisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Swali kubwa ni alama hiyo ni ya nani. Tazama safu inayoeleza uhusiano wa mtoa taarifa na mtoto.

Mwana wa Dunda, Bagamoyo:

Naongezea kuhusu msahafu, kwa sababu naona ndio shahidi wako bora. Mfunguo Saba ni Rabiul-akhir, mwezi unaofuata ule wa Maulidi. Mwaka 1357 wa Hijria ulianza mwanzoni mwa Machi 1938, na nikihesabu miezi, tarehe 27 inaangukia 26 Juni 1938, ambayo kweli ilikuwa Jumapili. Kwa hesabu ya mwezi mtu anaweza kukosea kwa siku moja, lakini hapa siku ya wiki inaunga mkono. Kumbuka pia kwamba siku yetu huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Jumapili" ni usiku wa kuamkia Jumapili. Kama alizaliwa kabla ya saa sita, kalenda ya ofisi ingempa Jumamosi, tarehe 25.

Tarehe 1 Julai naitilia shaka kwa sababu nyingine. Makarani walipoambiwa mwaka bila siku, mara nyingi waliandika 1 Januari au 1 Julai. Huku kwetu nina wajomba watatu waliozaliwa 1 Julai, na hakuna aliye pacha wa mwenzake!

Mjukuu wa Chumbageni:

Nawashukuru sana, babu Karani na ndugu wa Bagamoyo. Nimekitazama tena cheti kwa kioo cha kukuzia. Safu ya uhusiano imefifia, lakini inasomeka: "mama". Kwa hiyo mwaka 1960 alikuwa hai, akafika ofisini mwenyewe. Nimempigia shangazi simu nikamsomea. Amenyamaza kidogo, kisha akasema huenda aliyefariki mapema alikuwa mama wa kambo. Wiki ijayo nitakwenda kwa msajili wa wilaya kuomba daftari litafutwe kwa namba ile ya ukingoni, nijue kama kuna dole gumba.

Karani Mstaafu:

Nenda asubuhi, na uwatajie mwaka 1960 walipoandika, si 1938 alipozaliwa. Wakitafuta kwa mwaka wa kuzaliwa watakuambia hayupo.