Kitufe juu ya tangi, halafu mnakiita choo cha enzi za Malkia Victoria?

Wakuu, niacheni niteme nyongo.

Hivi wauzaji wa vyoo wanatuonaje? Natafuta choo cha kukaa cha mtindo wa zamani, bafu lifanane na nyumba yenyewe. Kila tangazo limeandikwa "Victoria". Ukifungua picha, tangi limekalia bakuli, na juu ya mfuniko kuna kitufe kinachong'aa, nusu maji kidogo, nusu maji mengi. Malkia Victoria alifariki mwaka 1901! Hicho kitufe cha nusu kwa nusu kimeanza kuuzwa Australia miaka ya 1980. Mkichora maua ya bluu kwenye bakuli ndiyo kimekuwa cha kale?

Choo cha enzi hizo tangi liko juu ukutani, bomba jembamba linashuka, unavuta mnyororo. Wala si urembo, maji yanapata nguvu kwa kuanguka kutoka juu. Nikamweleza muuzaji mmoja, akanijibu, "Hayo ni mapambo tu, bosi." Mapambo!

Wachache wenye tangi la juu nao wana vituko vyao. Tangazo linasema "seti kamili", ila maandishi ya chini kabisa, yale ya kusoma kwa tochi, yanasema bomba, vyuma vya kushikia tangi, mnyororo na kiti unanunua pembeni. Sasa kilichokamilika ni nini? Na kiti chenyewe "cha mbao" ni unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi. Unyevu ukiingia, kinavimba.

Kinachonichefua zaidi ni vipimo kufichwa. Uchafu unatoka kwa bomba la sakafuni au la ukutani? Kimya. Tangi linataka urefu gani kutoka chini? Kimya. Mpaka ununue, fundi bomba aje, ndipo mjue kwamba vigae inabidi vibomolewe au tangi linagota dari.

Mwingine alitaka kuniuzia bakuli halisi la zamani pamoja na tangi jipya la lita 6. Bakuli lililozoea lita 9 na zaidi unalipatia lita 6, uchafu utaondokaje? Nilipomuuliza: "Utavuta mara mbili." Yaani nisubiri tangi lijae tena huku nimesimama mlangoni kama mlinzi!

Anayemjua muuzaji anayeandika vipimo vyote kwenye tangazo, aweke hapa. Na mnaokuja kuniambia ninunue tu cha kawaida, piteni kimya.